Fani ya Kufungua Kitabu

Lamu, Mombasa, Pemba na kote pwani, mtu aliyefikwa na jambo zito huenda kwa mwalimu akafunguliwe kitabu. Mara nyingi ni kile kinachonasibishwa na Abu Ma'shar wa Balkh, mnajimu aliyefariki mwaka 886, nacho hakifunuliwi mpaka hesabu ikamilike.

Mwalimu huuliza jina lako na la mama yako, kisha huzipa herufi zake thamani kwa abjadi. Tuseme wewe ni Ali: ayni 70, lamu 30, ya 10, jumla 110. Mama ni Amina: alifu 1, mimu 40, nuni 50, ha 5, jumla 96. Yote pamoja 206. Hapo hutolewa kumi na mbili kumi na mbili mpaka zisitoleke tena. Zimebaki 2, na burji ya pili kati ya kumi na mbili za nyota ni Thauri. Sasa ndipo utafutwe mlango wa Thauri, wa wanaume mbali na wa wanawake.

Mwenye safari au harusi huongezewa hesabu ya saa, maana kila saa ina sayari inayoitawala. Jua la Jumapili likichomoza huanza Shamsi, yaani jua lenyewe, ikafuata Zuhura, Utaridi, Kamari, yaani mwezi, Zuhali, Mushtari, Mirihi, kisha zamu hurudi mwanzo. Zifuate bila kuruka usiku na mchana, na saa ya kwanza ya Jumatatu itamwangukia Kamari, mwenye siku yake.

Masheikh wengi wanaikataza kazi hii, kwamba ghaibu aijuaye ni Mungu peke yake, na kwa hilo sina ubishi. Ninachokisifu ni fani. Kitabu humfunga mwalimu ulimi: hawezi kumpa tajiri nyota bora kuliko ya mchuuzi, maana herufi hazijui cheo. Na ukurasa ukishasomwa, kazi ngumu ndiyo kwanza inaanza. Mlango mmoja hutaja maradhi, riziki, ndoa na uadui. Mwalimu hodari humtazama aliyeketi mbele yake, akauliza, akanyamaza, akasikiliza, hadi mwenyewe aseme lipi kati ya hayo limemleta. Jambo likishatajwa hushaurika. Fani inayomtaka mtu ajue herufi, hesabu, mwendo wa mbingu na moyo wa mwenzake kwa pamoja inastahili heshima ya elimu.