Utengano Katika Madarasa Mawili: Fasihi ya Shule na Uhakiki wa Chuo

Iwapo mwanafunzi wa shule ya upili aweza kuisoma fasihi kwa kiwango cha chuo ni swali lililokuwa na jibu rasmi nchini Kenya hadi mwaka 1989. Kidato cha tano na cha sita vilikuwa daraja la kuvukia kuelekea chuo kikuu, na aliyeichagua fasihi alikuwa na miaka miwili ya kuizamia pamoja na masomo mengine machache tu. Mfumo wa 8-4-4, ulioanzishwa mwaka 1985, uliliondoa daraja hilo. Ni kweli kwamba ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima, jambo ambalo wapenzi wa lugha hii walilishangilia, na haki yao. Ila fasihi ikawa karatasi moja kati ya tatu za somo la lugha. Chini ya mtaala wa umilisi, ambao kundi lake la kwanza liliingia Gredi ya 10 mwaka 2026, Fasihi ya Kiswahili imekuwa tena somo la kuchagua linalojisimamia. Swali la zamani limefufuka.

Kuna wanaolijibu kwa kutazama orodha ya vitabu: teua vitabu vigumu, na kiwango kitapanda. Hoja hii ni dhaifu. Utengano (1980), riwaya ya Said Ahmed Mohamed, ilitahiniwa katika KCSE katika mwongo wa kwanza wa karne hii, na imehakikiwa vyuoni kwa miaka mingi. Kitabu ni kimoja. Kinachotofautiana ni swali analoulizwa msomaji.

Katika karatasi ya tatu ya KCSE, mtahiniwa hupewa dondoo kisha akaambiwa aeleze muktadha wake kwa alama nne: msemaji, msemewa, mahali na sababu. Hili ni zoezi la kumbukumbu. Halina ubaya wowote likiwa mlango wa kuingilia matini, lakini wanafunzi wengi huishia mlangoni. Hufuata sifa za wahusika, na hapa Bi Farashuu huandikwa kuwa mlipizaji kisasi, mwenye njama, katili. Kila neno ni sahihi, na alama hutolewa.

Lakini je, riwaya yenyewe yasemaje? Maksuudi alimwoa Mwanasururu, binti yake Farashuu, akamnyang'anya mali na kumwacha. Kisasi cha mama huyu kinaelekezwa kwa Maksuudi, ilhali njia yake inapitia kwa wanawake wengine. Tamima anapewa talaka. Maimuna, msichana aliyefungiwa ndani asijue njia za mji, anatoroshwa na kuishia katika ulevi na maisha ya baa. Mwanamke mmoja aliyedhulumiwa kupitia bintiye anamtumia binti wa mwanamke mwingine kuwa silaha. Je, mwandishi anauona ukatili huu kuwa zao la mfumo uliomfungia Maimuna, au anauona kuwa kasoro ya Farashuu tu? Yako maelezo ya kuunga mkono pande zote mbili, na mwelekeo wa makala haya ni upande wa kwanza: nyumba yenye kuta ndefu kiasi kile haimwachii adui mlango mwingine wa kuingilia isipokuwa wanawake waliomo. Hata hivyo, msomaji anayepinga ana haki ya kupinga, mradi arudi kwenye riwaya. Swali hili halihitaji nadharia yoyote ya kigeni. Msichana wa miaka kumi na saba huenda akalielewa upesi kumshinda mhadhiri wake.

Kinachomzuia ni mwongozo. Miongozo hutungwa kwa kuifuata karatasi ya mtihani, nayo humpa mwanafunzi orodha ya sifa, dhamira na tamathali zikiwa tayari zimechambuliwa. Wapo wanaoijua riwaya kwa kuambiwa, kama mtu aujuaye utamu wa embe kwa kusimuliwa. Si haki kumlaumu mwalimu peke yake, kwani shule hupimwa kwa alama, na watahini wengi wanaosahihisha maelfu ya karatasi huhitaji jibu linalokubalika kwa wote. Jibu la namna hiyo hupatikana kwa urahisi kuhusu muktadha wa dondoo kuliko kuhusu dhamiri ya Farashuu.

Ndiyo maana kuitenga fasihi na lugha katika ratiba hakutoshi. Mwanafunzi wa Gredi ya 10 anaweza kupewa vipindi zaidi na vitabu zaidi, akabaki kuwa mkusanyaji wa sifa. Kundi hili la kwanza linatarajiwa kufika mwisho wa Gredi ya 12 mwaka 2028. Mwongozo wa kusahihisha utakaotungwa wakati huo ndio utakaoonyesha kama watahiniwa wawili wenye misimamo inayokinzana kuhusu Farashuu, kila mmoja akiwa na ushahidi wake kutoka kitabuni, wanaweza kupata alama sawa.