Bonge la Adenia globosa: shina linalofanya kazi ya jani

Kwenye nyika kavu za Tsavo, wakati wa kiangazi, kuna mmea ambao wapita njia wengi huudhania jiwe: bonge la rangi ya kijani-kijivu, lenye chunjua mwili mzima. Juu yake huchomoza matawi marefu ya miiba yanayotambaa vichakani. Ni Adenia globosa, jamaa wa mpasheni, mwenyeji wa Kenya, Tanzania, Somalia na Ethiopia. Bonge lake, ambalo wapenzi wa mimea huliita kaudeksi, huweza kufikia upana wa mita moja.

Wanaoupanda nyumbani wakashindwa, mara nyingi wameliona bonge kuwa ghala la maji tu. Hulifukia nusu, wakauweka mmea barazani kwenye kivuli, ukadumaa. Majani yake ni madogo na hupukutika upesi, kwa hiyo chakula hutengenezwa na ngozi ya kijani ya bonge, matawi na hata miiba. Kulifunika udongo ni kuzima jiko. Ndiyo maana sikubaliani na wanaopogoa kila mara ili mmea upendeze. Miaka ya mwanzo yaache matawi yarefuke, maana sukari ya kulinenepesha bonge hutoka huko.

Uduara wenyewe huanzia kwenye mbegu. Kinachovimba ni kile kipande kifupi cha shina kilicho kati ya mzizi na majani mawili ya kwanza ya mche. Tawi lililochomekwa halina kipande hicho: litatoa mizizi na kunenepa kiasi, lakini duara lile ni nadra kulipata. Na mbegu si rahisi, kwa kuwa mmea dume na mmea jike ni mbalimbali. Mwenye mmoja tu hapati mbegu, hata uchanue vipi.

Udongo uwe mchanga wa mto wenye chembe kubwa, kokoto ndogo na mboji kidogo. Kuhusu maji, fuata mwendo wa Tsavo, ambako mvua za vuli hunyesha kwa nguvu kisha jua likakausha kila kitu. Mwagilia mpaka maji yatoke kwenye tundu la chungu, usirudie mpaka udongo ukauke hadi chini. Kinachouua haraka ni baridi ikikutana na unyevu. Aliyeko Limuru au Njombe auingize ndani mwezi Juni na Julai, na asiumwagilie.

Ukiwa na wasiwasi, libonyeze bonge kwa kidole gumba pale linapokutana na udongo. Lenye kiu hulegea kidogo pande zote, na likinywa hujaa tena. Linalooza hubonyea mahali pamoja, na ngozi hapo hugeuka kahawia. Kata mpaka ufikie nyama safi, kisha acha kidonda kikauke kivulini. Vaa glavu: ndugu zake Adenia digitata na Adenia volkensii, huyu wa pili akiitwa kilyambiti na Wakamba, wana modesini na volkensini, sumu kali zinazozuia seli zisitengeneze protini.

Ukiuziwa bonge kubwa, ligeuze utazame chini. Mizizi minene iliyokatwa kwa panga ni dalili kwamba limeng'olewa porini. Kuoza huanzia kwenye majeraha hayo, na kwa kuwa bonge lina akiba yake, matawi huweza kubaki ya kijani muda mrefu huku ndani kumekwisha kuharibika.