Tanakali za Sauti na Utungo wa Mtoto

Katika shule za msingi nchini Kenya, tanakali za sauti zilihesabiwa kwa muda mrefu kuwa sehemu ya msamiati, wala si ya ushairi. Chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, mwanafunzi alikariri kitenzi pamoja na mkia wake: anguka pu, lala fofofo, loa chapachapa. Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho 2023. Ni vigumu kuamini kwamba mazoea hayo yalikwenda nao. Mtoto aliyefunzwa hivyo, akitakiwa kutunga, huitundika mikia hiyo kama mapambo, na mara nyingi hupongezwa kwa wingi wake.

Istilahi yenyewe inapotosha. Tanakali nyingi haziigi sauti yoyote. Weupe wa pe hauna mlio, giza la tititi halisikiki, na jii ni ukosefu wa sauti. Kumwagiza mtoto aandike “sauti ya mvua” ni kumfungia nje ya sehemu kubwa ya hazina hii.

Kazi ya hazina hiyo katika arudhi yaweza kuonyeshwa kwa mshororo mmoja wa mizani 16:

Jiwe likatua chubwi, mawimbi yakaenea

Chubwi ina mizani 2, nayo ndiyo inayofunga ukwapi. Mtoto akitia pu mahali pake, ukwapi unabaki na mizani 7. Isitoshe, jiwe limeangukia nchi kavu huku mawimbi yakienea. Kwa badiliko hilo dogo sikio hupokea hesabu na maana kwa pamoja, jambo ambalo kuhesabu kwa vidole hakulifikii. Ugumu umo katika kina. Maneno yanayoishia kwa -bwi ni haba mno, na mtungaji mchanga atabuni upuuzi kufikia mshororo wa pili. Jiwe hilo likiangukia mchangani tifu, vina vimejaa tele: sifu, dhaifu, hafifu. Yafaa basi mwalimu achague tanakali kwa kupima kina inachozaa, si kwa uchangamfu wake tu.

Watetezi wa mashairi huru, aina ambayo Kezilahabi aliipa nguvu kwa Kichomi (1974), watadai kwamba arudhi humfunga mtoto. Dai hilo lina uzito, ila uhuru huo humfaa aliyekwisha kusikia tofauti ya pu na chubwi. Asiyeisikia hurundika milio tu.

Tanakali za silabi moja zinahitaji uangalifu zaidi. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo kina cha kawaida hutamkwa bila mkazo. Pu, pe na ndi huubeba mkazo zenyewe, na zikikaa kwenye kina mshororo husimama ghafla. Katika wimbo wa bembea kusimama huko huvunja mwendo; katika utungo wa mlango uliofungwa ndi, ndiko kunakotakiwa.