Kiini si Kasi: Uhakiki wa Fasili Moja ya Kompyuta

Katika baadhi ya tafsiri zilizotufikia, neno “kiini”, litumikalo kutaja sehemu mojawapo ya prosesa ya kompyuta, limefasiliwa kuwa “sehemu inayoongeza kasi”. Neno lenyewe hatuna ugomvi nalo. Fasili yake ndiyo tunayoihakiki, maana ina kasoro mbili.

Kasoro ya kwanza ni kutaja matokeo mahali pa kitu, na matokeo yenyewe si ya hakika. Michezo ya kompyuta yatupa kipimo. Mchezo uonyeshao picha 60 kwa sekunde una milisekunde zipatazo 16 za kuandaa kila picha. Tuseme kazi hiyo huchukua milisekunde 16 kwa kiini kimoja: 10 ni za kazi ambayo lazima ifuatane hatua kwa hatua, na 6 ni za kazi iwezayo kugawanywa. Viini viwili vitaimaliza kwa milisekunde 13, viini sita kwa 11. Hata viini mia havitashuka chini ya 10. Hoja hii aliitoa Gene Amdahl wa Marekani mwaka 1967, na kila mpishi aijua: watu wanne wakikuna nazi kazi huwa nyepesi, lakini hawawezi kuuharakisha wali kuiva. Tena, kama kinachochelewesha ni kadi ya michoro, viini vya ziada havitafaa kitu.

Hatusemi kwamba viini vingi ni bure. Tangu mwaka 2013, PlayStation 4 na Xbox One zilipotoka na viini vinane kila moja, watungaji wa michezo wamejizoeza kuigawa kazi, na faida imeonekana. Lakini faida hiyo yatokana na programu iliyogawanywa vizuri, wala si idadi peke yake.

Kasoro ya pili ni kudhani kwamba viini vyote ni sawa. Mwaka 2011 kampuni ya AMD ilitoa prosesa za FX zilizotangazwa kuwa na viini vinane. Ndani yake viini hivyo vilipangwa jozi nne, na kila jozi ilishirikiana chombo kimoja cha kukokotoa namba za desimali. Katika michezo mingi zilizidiwa na prosesa za Intel zenye viini vinne. Mwaka 2015 wanunuzi walishtaki huko California, wakidai kuwa hivyo havikuwa viini vinane kamili. Mwaka 2019 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 12.1 ili kesi iishe. Ubishi wote ulikuwa juu ya maana ya neno moja.

Kwa hiyo twapendekeza fasili hii: kiini ni sehemu ya prosesa iwezayo kusoma na kutekeleza mfululizo wa amri peke yake. Fasili hiyo haiahidi kasi. Mwalimu ataweza kuifundisha bila kupotosha, na mtumishi wa serikali anayeandaa zabuni ya kompyuta atajua kwamba, kabla ya kuuliza viini ni vingapi, yampasa aulize ni kazi gani itakayofanywa, na kama kazi hiyo yagawanyika.