Operasyo tatu, ndege moja: tusome ile karatasi vizuri



Mwezi uliopita yaya wangu alinitumia picha ya karatasi kwa WhatsApp. Eko hapa Fungurume kama mimi, ana watoto wanne, na zamu yake ya likelemba ya wamama ilikuwa inakaribia. Aliandika paka neno moja: "Unisomee." Juu karatasi ilikuwa mu Kifaransa cha wanganga, na mu familia yetu mimi njo niko na lisansi. Ni lisansi ya agronomi, lakini kwake lisansi ni lisansi.

Ilikuwa devi, karatasi ya bei, ya ajansi moja yenye inapeleka watu Istanbul. Kukata ngozi ya tumbo, kunyonya mafuta mu mbavu na mugongo, kuinua maziwa. Zote tatu siku moja. Ndege, mutafsiri, usiku tano mu hoteli. Na chini kabisa, kwa herufi kubwa: anestezi moja, kupona moja, bei moja.

Niliisoma mara nne. Leo nataka kuikosoa mbele yenu, neno kwa neno, vile maprofesa walikuwa wanakosoa TFC zetu. Juu ile karatasi haikufika kwa yaya peke yake. Mu mji wa mine, kwenye watu wengine wanalipwa kwa dolari, matangazo kama haya yanajua njia ya kuingilia.

Tuipe kwanza haki yake. Kuunganisha operasyo haiko bujinga. Wamama wetu wanaijua tangu zamani: munganga anafanya sezariene, na kama mama alikubali mbele, anamufunga uzazi palepale. Hakuna mwenye anamurudisha siku ingine kumupasula tena. Ata kwa tumbo ni vile: ngozi yenye ililegea na misuli yenye iliachana kisha kuzaa, munganga anazitengeneza kwa mara moja. Unalala mara moja, unakosa kazi mara moja, unalipa chumba cha operasyo mara moja. Ile faida ni ya kweli.

Lakini angalia neno la kwanza: anestezi moja. Moja ya saa ngapi? Karatasi nzima haina saa. Inahesabu dolari, inahesabu usiku, inahesabu kilo za mizigo mu ndege, lakini saa za kulala juu ya meza haizihesabu. Na njo hesabu yenye inaua. Mutu mwenye analala saa nyingi bila kutikisika, damu inakawia mu mishipa ya miguu, inaweza kuganda, na kile kipande kikipanda mpaka mu mapafu, mutu anaweza kufa. Tena mwili unapoa, na damu inapotea mu vidonda vitatu, si kimoja.

Juu ya ile, chama cha wanganga wa plastiki wa Marekani, ASPS, kinashauri operasyo ya mutu mwenye atarudi nyumbani siku ileile isipite saa 6. Na jimbo la Florida liliweka sheria yenye inanifurahisha kama mutu wa hesabu: mu kabine ya munganga, kunyonya mafuta peke yake mwisho ni litri 4. Ukiunganisha na kukata tumbo, mwisho ni litri 1. Haiko 4 tena, wala 2. Ile sheria imeelewa kitu chenye devi ya yaya haitaki kusema: operasyo moja na ingine, hatari yake haijumlishwe kama bei.

Hii hatukufundishwa mu agronomi? Wenye mulisoma kahawa munakumbuka resepaji, kukata muti mzee chini ili uchipuke upya. Njia yenye walitufundisha, haukati mashina yote siku moja. Unabakisha moja lenye majani, livute maji, lilishe mizizi mpaka machipukizi yakomae. Kuko wenye wanakata yote mara moja, juu kazi inaenda mbio. Na miti ingine inakufa. Muti haujue kama ulikuwa unatafuta kupunguza siku za kazi.

Neno la pili: kupona moja. Hapa nitawaambia juu ya mama mumoja mwenye sisi watu wa masomo tungemuheshimu. Donda West alikuwa profesa wa Kiingereza, aliongoza departema yake mu Chicago State University. Wengi wanamujua paka kama mama ya Kanye West. Munganga mumoja wa California alikuwa amemuambia kama hatamupasula mbele hajapimwa na kuleta ruhusa ya munganga mwingine, juu aliona hatari ya moyo. Akaenda kwa mwingine. Mu Novemba 2007 akafanyiwa kunyonya mafuta, tumbo na maziwa, kwa mara moja. Ni karibu sawasawa na devi ya yaya. Akarudi kuponea nyumbani. Alikufa tarehe 10 Novemba 2007, siku moja tu nyuma ya operasyo. Alikuwa na miaka 58. Ripoti ya mupimaji wa maiti ilitaja ugonjwa wa mishipa ya moyo pamoja na matokeo ya ile operasyo.

Mu 2009 California ikatia sahihi sheria yenye inaitwa kwa jina lake: hakuna operasyo ya urembo kama mutu hajapimwa mwili mbele. Na mwaka uleule, mu California ileile, Heidi Montag wa televisheni, miaka 23, akafanyiwa operasyo 10 siku moja. Mu Januari 2010 sura yake ikatokea kwa kava ya gazeti People. Wale wawili, nani anajulikana zaidi mu matangazo? Hakuna piblisite yenye inakumbuka profesa. Zote zinaiga ile kava.

Neno la tatu: usiku tano. Hapa njo nilikasirika. NHS, shirika la afya la Uingereza, inashauri mutu mwenye alikatwa tumbo angoje siku 7 mpaka 10 mbele ya kupanda ndege, juu ndege na operasyo, zote mbili zinaongeza hatari ya damu kuganda. Devi inasema usiku tano, na usiku wa kwanza ni wa kufika. Kiisha ndege mbili mpaka Lubumbashi, kiisha karibu kilometa 200 za barabara, Likasi, mpaka hapa. Nani alipima zile usiku tano? Haiko munganga. Ni hoteli na tiketi.

Musiseme kama ni kusema Waturuki vibaya. Ni kweli serkali ya Uingereza ilisema watu wake 6 walikufa Turkiye mu 2023 kisha kutibiwa kule. Lakini mu Oktoba 2024, Nairobi, mwanamuke mumoja alikufa kisha operasyo ya kunyonya mafuta, na KMPDC, baraza lenye linasimamia wanganga wa Kenya, likafunga ile kliniki. Umbali haubadilishe mwili.

Nilipigia yaya simu, nikamuelezea yote. Alisikiliza, kiisha akasema: "Weye unasema vile juu haujazala. Mutu mwenye hajabeba wane hajue hii tumbo."

Sikuwa na jibu. Ni kweli sijazaa. Na sikuandika hii kwa kucheka mwanamuke mwenye anataka kujiona muzuri. Feza ya likelemba ni yake, alichanga miezi yote. Wale wenye wanamuhubiria juu ya kiburi, hakuna mwenye alimuuliza kama tumbo inamuuma wakati anainama kufua.

Basi tuliandika pamoja maulizo matatu kwa ajansi, kwa jina lake. Operasyo yote itachukua saa ngapi, na kama zinapita 6, munganga anakubali kuigawanya? Nani atanipima moyo na damu mbele sijalipa? Na siku ya nane, kidonda kikitoa usaha nikiwa Fungurume, nani atanipokea?

Jibu lilifika asubuhi. Walisema promosyo inaisha siku ya tano ya juma ile, na kama mudogo wangu anakuja naye, watapunguza kwa wote wawili.

Yaya alinitumia ile jibu vilevile ilivyokuwa. Safari hii hakuniomba nimusomee.