Namna ya Kulitambua Jaribio Bora kwenye Tovuti Yenye Wageni Wachache

Jaribio la vigezo vingi hubadilisha mambo kadhaa ya ukurasa kwa wakati mmoja, kwa mfano kichwa cha habari, picha na kitufe, kisha huwagawia wageni matoleo yote kwa nasibu ili ijulikane kila badiliko limeleta nini. Kwenye tovuti kubwa, jaribio lililopangwa ovyo huweza kuokolewa na wingi wa watu. Kwenye tovuti ndogo hakuna wa kuliokoa. Kwa hiyo ukitaka kumjua fundi wa kweli wa kazi hii, mtazame anapokuwa na wageni wachache. Ubora wa jaribio lake utauona kabla mgeni wa kwanza hajaingia, na alama za kuutambua ni hizi.

Hesabu imetangulia

Mfano unaotajwa sana katika fani hii ni wa kampeni ya urais ya Barack Obama ya 2008. Dan Siroker na wenzake walijaribu vitufe 4 pamoja na picha au video 6, jumla matoleo 24. Toleo lililoshinda lilipandisha wanaojiandikisha kutoka 8.26% hadi 11.6%. Wengi huiga yale matoleo 24 wakasahau kwamba nyuma yake walikuwepo wageni 310,382, yaani takribani 13,000 kwa kila toleo. Tovuti inayopata wageni 500 kwa siku ingehitaji zaidi ya siku 620 kuifikia idadi hiyo.

Fundi mzuri huanza na kalamu. Tuseme ni tovuti ya kampuni ya safari za mbugani iliyoko Arusha: wageni 500 kwa siku, na 3% kati yao hutuma ombi la bei. Kanuni ya kukadiria ni nyepesi: zidisha 16 kwa kiwango cha sasa (0.03), zidisha tena kwa sehemu iliyobaki (0.97), kisha gawanya kwa kipeo cha pili cha badiliko unalotaka kulinasa. Jibu ni idadi ya wageni kwa kila upande, itakayokupa nafasi ya 80% ya kuliona badiliko hilo ikiwa kweli lipo. Kuligundua ongezeko kutoka 3% hadi 3.6% kunataka karibu wageni 13,000 kwa kila upande: watu 26,000, siku 52. Anayekuletea mpango usio na hesabu hii, mrudishie.

Mabadiliko ni machache na makubwa

Hesabu hiyohiyo inafundisha jambo la pili. Badiliko unalotafuta likiwa kubwa zaidi, tuseme kutoka 3% hadi 4.5%, wageni wanaohitajika hushuka hadi takribani 2,100 kwa kila upande. Hata ukiongeza kiasi kwa tahadhari, wiki mbili zinatosha. Basi kwenye tovuti ndogo, kujaribu rangi ya kitufe ni kupoteza muda. Fundi bora hugusa kinachoweza kumfanya mtu aamue: bei ionekane au ifichwe, ombi litumwe kwa fomu ndefu au kwa WhatsApp, ukurasa uanze na ratiba ya safari au na ushuhuda wa waliokwisha kusafiri. Ukiona orodha ya vigezo vinane na vyote ni vya mapambo, jua mtungaji hajawasikiliza wateja. Wateja watano walioketi mbele ya ukurasa wakieleza wanachokwama nacho watampa maswali bora kuliko mwezi mzima wa kubahatisha.

Kila mgeni anafanya kazi zaidi ya moja

Hapa ndipo ufundi wenyewe unapoonekana. Tuseme vigezo ni vitatu, kila kimoja kina hali mbili, na matoleo ni 8. Asiyejua atalinganisha kila toleo na la zamani, na akitaka wageni 13,000 kwa kila moja atahitaji watu 104,000. Ajuaye husoma kwa njia nyingine. Kati ya wageni 26,000, nusu waliona kichwa cha zamani na nusu kichwa kipya. Watu haohao wamegawanyika nusu kwa nusu kwa picha, na tena nusu kwa nusu kwa kitufe. Maswali matatu yanajibiwa na umati uleule, kila jibu likiwa na watu 13,000 kila upande.

Maarifa haya yalikomaa mashambani. R. A. Fisher, aliyeingia kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, mwaka 1919, alipinga mazoea ya kuiuliza ardhi swali moja kwa wakati mmoja, na mwenzake Frank Yates akaieleza kwa kina hesabu ya mbinu ya kuuliza maswali kadhaa kwa pamoja mwaka 1937. Shamba lao lilikuwa na mipaka, na msimu ulikuja mara moja kwa mwaka. Mwenye tovuti ndogo yuko katika hali hiyohiyo.

Lakini uliza pia juu ya mwingiliano, yaani pale badiliko moja linapogeuza nguvu ya jingine. Kichwa kinachosema “tuandikie WhatsApp” juu ya kitufe kinachofungua fomu kitaua vyote viwili. Kuunasa mwingiliano wenye ukubwa sawa na athari ya kawaida kunataka wageni mara nne. Fundi mkweli husema mapema kwamba hatautafuta, na huchagua vigezo visivyogongana.

Jihadhari na madai kwamba kujaribu sehemu tu ya matoleo, kwa mfano 4 kati ya 8, hupunguza wageni wanaohitajika. Mipango ya namna hiyo ni halali na ya siku nyingi. Watakwimu Plackett na Burman walionyesha mwaka 1946 jinsi matoleo 12 yanavyoweza kubeba hadi vigezo 11. Kinachopungua ni kazi ya kutengeneza kurasa. Idadi ya wageni kwa athari kuu hubaki ileile, na gharama yake ni kwamba athari ya kigezo kimoja huchanganyika na mwingiliano wa vingine. Ubora upo pale mtungaji anapoandika wazi nini kimechanganyika na nini.

Kipimo kiko karibu na lengo

Ikiwa wanaotuma ombi ni wachache mno, pima hatua iliyo kabla yake. Tuseme 15% ya wageni hufungua ukurasa wa bei. Kuona kiwango hicho kikipanda hadi 18% kunataka takribani wageni 2,300 tu kila upande. Njia hii ni nzuri ikiwa kumbukumbu za nyuma zinaonyesha kwamba wanaofungua bei ndio wanaotuma maombi. Kitufe chenye makelele huweza kuvuta vidole vingi bila kumleta mteja hata mmoja, kwa hiyo ripoti nzuri huonyesha vipimo vyote viwili.

Siku ya mwisho imeandikwa

Wageni wakiwa wachache, subira huisha haraka, na hapo ndipo majaribio mengi huharibika. Mwaka 1969 watakwimu Armitage, McPherson na Rowe walionyesha kwamba anayekagua matokeo mara tano, akiwa tayari kusimama pindi kipimo cha 5% (kinachokusudiwa kuruhusu ushindi wa uongo mara 5 tu kati ya 100) kinapotimia, huwa amejipa nafasi ya 14% ya kushangilia ushindi usiokuwepo. Akikagua mara kumi, inafika 19%. Anayetaka kuchungulia atumie hesabu iliyotungwa kwa kazi hiyo, inayotokana na kazi ya mtakwimu Abraham Wald ya miaka ya 1940.

Muda nao uwe wa wiki kamili, maana mgeni wa Jumatatu si sawa na wa Jumapili. Usiongezwe pia bila kikomo. Msimu wa watalii hubadilika, na Safari, kivinjari cha Apple, hufuta baada ya siku saba vidakuzi vilivyowekwa kwa JavaScript, hivyo mgeni anayerudi baadaye huweza kuhesabiwa mpya na kupewa toleo jingine. Jaribio la miezi sita hubeba kasoro hizi zote.

Mgawanyo umekaguliwa

Kabla ya kusoma nani ameshinda, hesabu vichwa. Kati ya wageni 10,000 waliogawanywa nusu kwa nusu, 5,050 dhidi ya 4,950 ni kawaida. Lakini 5,200 dhidi ya 4,800 ni dalili kwamba mtambo wa kugawa una hitilafu, na matokeo hayastahili kusomwa, hata yakipendeza.

Ripoti haitii chumvi

Jaribio la wageni 500 kila upande, kwa kiwango cha 3%, haliwezi kutangaza tofauti iliyo chini ya takribani pointi 2 za asilimia. Maana yake, ushindi wowote litakaoutangaza utaonekana mkubwa, na mara nyingi umekuzwa na bahati. Ripoti ya fundi hutoa masafa: badiliko limeongeza pointi 0.3, lakini ukweli unaweza kuwa popote kati ya kupungua 0.1 na kuongezeka 0.7. Sentensi hiyo haina fahari, ila mwenye biashara anaweza kuamua kwayo bila kudanganyika.

Basi unapoletewa jaribio, usianze na grafu. Omba karatasi iliyoandikwa kabla: swali, vigezo, kipimo, idadi ya wageni na tarehe ya kusimama. Ikiwepo, na ikiwa imefuatwa, jaribio ni zuri hata kama halikupata mshindi. Isipokuwepo, usibadilishe ukurasa wako kwa sababu yake.