Upande wa Chini wa Bakuli: Kumkumbuka Hamo Sassoon

Wapenzi wa ushairi wanalifahamu jina la Sassoon kwa sababu ya Siegfried, mshairi wa Kiingereza aliyekwenda vitani katika Vita Kuu ya Kwanza, akavishwa nishani ya ushujaa, kisha mwaka 1917 akatangaza hadharani kwamba vita hiyo inarefushwa pasipo haki. Sisi wa Tanga, ambao mji wetu ulipigwa Novemba 1914 na makaburi ya askari wa vita hiyo tungali nayo, tuna sababu yetu ya kumsoma. Lakini jina hilo lina mwenyewe mwingine hapa pwani, na yeye sifa yake si ya mashairi. Ni marehemu Hamo Sassoon, mwanaakiolojia, mtoto wa Michael, kaka yake Siegfried. Kiingereza kina neno moja tu la kumwita ndugu wa baba na ndugu wa mama, mkubwa kwa mdogo. Kiswahili kinatudai tuseme wazi kwamba Siegfried alikuwa baba yake mdogo. Na baba mdogo mwingine, aliyeuawa katika vita vya Gallipoli mwaka 1915, ndiye aliyelitangulia jina hilo la Hamo.

Tungo zetu za maombolezo huanza na nasaba, nami nimekwisha kuitaja. Aghalabu huishia hapo hapo, pamoja na sifa za ukarimu na ucha Mungu, kazi ya marehemu ikabaki nje ya mlango. Mtu aliyetumia maisha yake kupima kuta na kuhesabu vigae haifai tumfanyie hivyo.

Kabla ya kufika kwetu alifanya kazi Nigeria, na mwaka 1964 yalichapishwa maandishi yake juu ya uyeyushaji wa chuma katika kijiji cha mlimani cha Sukur. Katika miaka hiyo ya 1960 alikuwa mhifadhi wa mambo ya kale wa serikali ya Tanzania. Kazi yake kubwa ya bara ni Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, ambako Louis Leakey alikuwa amepita mwaka 1935 na kuona dalili za mji wenye watu makumi ya maelfu. Sassoon alichimba huko mwaka 1964, akatoa taarifa katika toleo la kwanza kabisa la jarida la Azania, 1966. Mwaka uliofuata, ambao ndio aliofariki Siegfried, akatoa makala aliyoiita kwa Kiingereza kitu kama “Maoni Mapya juu ya Engaruka”. Nakipenda kichwa hicho. Leakey alikuwa jabali la fani, na kijana mwenye koleo angeweza kujipatia jina kwa kumrushia mawe. Huyu hakusema “makosa ya”; alisema “maoni mapya”. Wale wetu wanaojibizana kwa mashairi magazetini, ambao beti ya pili haifiki kabla mtu hajatukaniwa mama, wangesoma hapo adabu ya malumbano. Utafiti wa baadaye umezidi kutuonyesha Engaruka ya wakulima, watu wa mifereji, matuta ya mawe na vijiji vya mteremkoni, walioishi hapo tangu karne ya 15 hivi hadi ya 18.

Hata hivyo, kwa msomaji wa pwani, kitabu chake kinachogusa moyo ni kidogo mno: mwongozo wa magofu ya Kunduchi, wa mwaka 1966. Kunduchi kuna makaburi ya nguzo, na katika nguzo hizo wazee wetu walipachika bakuli za kaure kutoka Uchina. Tunayo makaburi ya namna hiyo Tongoni, kiasi cha kilometa 20 kusini ya mji wa Tanga, kwenye mahame ya Mtangata, ambako Vasco da Gama aliichoma moto merikebu yake ya São Rafael mwaka 1499. Anayekwenda Tongoni leo haoni bakuli. Huona nguzo nyingi zilizolala, na matundu ya duara yaliyobaki baada ya bakuli kung’olewa.

Miaka ya 1970 Sassoon alihamia Mombasa, akawa msimamizi wa makumbusho ya Ngome ya Yesu. Alichimba katika viwanja vya hospitali kuu ya mji akitafuta Mombasa ya kale, ile iliyokuwako karne kadhaa kabla ya Wareno. Aliandika pia juu ya vyombo vilivyopatikana katika Santo António de Tanna, merikebu ya Kireno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, wakati Waomani wameizingira.

Lakini kwetu sisi watu wa tungo, la kujadili hasa ni kijitabu chake cha mwaka 1975 juu ya siwa mbili, ile ya pembe ya ndovu ya Pate na ile ya shaba ya Lamu. Mtu aliyeujua ufundi wa madini wa Afrika Magharibi alikuwa na jicho la kuitazama shaba ya Lamu, iliyofinyangwa kwanza kwa nta, nta ikayeyushwa, shaba ikamiminwa mahali pake. Kasoro naiona kwenye jalada. Neno siwa limetangulia, na hilo ni jema. Kisha likafuata neno la ufafanuzi, ambalo mfasiri akilirudisha kwetu atalazimika kusema “tarumbeta”. Mswahili akisikia tarumbeta huona beni, sare na gwaride. Siwa ilipulizwa kwenye harusi na hafla za waungwana, na aliyenyimwa siwa alikuwa amenyimwa zaidi ya muziki. Nakiri kwamba koleo halichimbui sauti. Hiyo ni kazi yetu, nasi hatujaifanya.

Sasa nifike nyumbani kwake. Mkewe, Caroline, alichapisha mwaka 1978 kitabu juu ya alama za kaure za Kichina zilizopatikana katika magofu ya pwani ya Kenya, tangu karne ya 14 hadi ya 19. Alama hizo mfinyanzi huziandika aghalabu chini ya kitako cha chombo. Fikirini basi: bakuli likishapachikwa nguzoni, uso wake hututazama, na kitako huzama ndani ya chokaa pasipoonekana. Mume aliwaongoza wageni mbele ya nguzo zenye nyuso hizo. Mke alisoma maandishi ya upande wa chini, kwa vigae vilivyovunjika. Kila mmoja alikuwa na nusu ya chombo.

Shaaban Robert, mzaliwa wa Machui hapa hapa Tanga, hakuona haya kuiingiza nyumba yake katika fasihi: alimlilia mkewe Amina kwa shairi, akamwandikia binti utenzi wa Hati na mwana utenzi wa Adili. Wanasayansi wana haya zaidi. Ndoa ya akina Sassoon sikuiona katika sifa wala wasifu; niliiona kwa kuweka kitabu cha mke kando ya kitabu cha mume, juu ya meza moja.

Meza hiyo, hapa Makorora, ni ya lugha ya kigeni tupu. Mimi sijakutana na tafsiri ya Kiswahili ya hata moja ya kazi nilizozitaja. Mwanafunzi wa Tongoni anayetaka kujua yale matundu yalikuwa na nini sharti kwanza ajue Kiingereza cha wataalamu. Ningependekeza tuanze na mwongozo wa Kunduchi, kwa kuwa ni mfupi na makaburi yake ni ndugu wa yetu. Caroline afuate, ingawa huko ndiko kwenye taabu: kaure tunayo, kigae tunacho, kitako tunacho, lakini kwa rangi ile ya kijani kibichi iliyopauka ya bakuli za zamani mafundi wetu wa kamusi bado hawajatupa neno, na nadhani tuwaulize wavuvi, ambao bahari ya rangi hiyo wanaiona kila alfajiri.